Chuma Chini ya Mgomba

Maître Arlette alikuwa amefika kwenye njia ya tatu simu ya Déogratias ilipolia. Njia ya kwanza, alisema, ni kuiandikia hospitali barua na kukaa nao mezani. Ya pili ni kupeleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka, achunguze kama kulikuwa na uzembe. Alikuwa ameinua kidole cha tatu, na kidole kikabaki hewani wakati mteja wake anatafuta simu mfukoni.

"Noko, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Fanny, binti wa dada yake. Huku watoto wote humwita kaka wa mama hivyo, Noko.

"Niko Uvira, kwa wakili."

"Umekaa?"

"Niko nimekaa, mama. Sema."

"Mama amepumzika. Saa ine ya asubuyi. Tumekuita, tumekuita, simu yako inakatala."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika chache. Déogratias akahesabu kurudi nyuma. Saa nne alikuwa kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya kuingia mjini, amekaa nyuma ya pikipiki, anacheka kwa sababu askari alitaka kujua chuma alichobeba ni cha bunduki ya aina gani. Alikuwa amejibu, "Ni ya bunduki ya mama muzee," na wote wawili wakacheka. Kumbe dada yake alikuwa anakata roho nyumbani, mjini Baraka.

Chuma chenyewe kilikuwa mezani, juu ya kitambaa cheupe: urefu wa mkono wa mwiko, kimepinda kidogo, na juu yake kichwa cha mviringo kinachong'aa. Kwa miaka miwili na miezi minne kilikuwa nyonga ya kulia ya Constance, dada yake.

"Pole, tata Déo," Maître Arlette alisema, akimwita baba kwa heshima. "Pole sana." Akafunga dosie ya karatasi taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

"Njia ya tatu ni gani?" Déogratias akauliza.

"Tutazungumza siku ingine. Rudi nyumbani."

"Alinituma. Nikirudi ataniuli..." Kisha akasema tena, "Ni gani?"

Wakili akamweleza, kwa sauti ya chini. Ya tatu ni kufungua kesi mahakamani dhidi ya hospitali pamoja na wale walioleta nyonga hizo za chuma nchini, kudai wawajibike kwa madhara. Mtengenezaji yuko mbali, ng'ambo ya bahari, lakini namba iliyochongwa kwenye chuma inaweza kuwafikisha hata kwake. Ni njia ndefu. Mtaalamu wa kukipima chuma hayuko Uvira. Inaweza kuchukua miaka. "Lakini kesi haikufe naye," akaongeza. "Batoto wake banaweza kuiendesha. Na ule mustari, tutauandikia malalamiko peke yake, kwa baraza la baganga ba hospitali."

Ule mstari. Ndio uliomtoa Déogratias Baraka kabla jua halijachomoza. Kwenye dosie ya dada yake, daktari wa hospitali ya Bukavu, ile iliyomtia chuma, alikuwa ameandika kwa Kifaransa kwamba mgonjwa hana nidhamu, amerudia kazi nzito kinyume cha masharti, na ndiyo sababu nyonga imelegea. Mstari mmoja tu. Constance alisomewa na Fanny, akaomba asomewe mara ya pili, kisha akasema, "Basi banataka nikufe nikiwa muntu wa kichwa nguvu."

Tangu siku ile hakutaka kitu kingine. Siku moja kabla ya safari hii, akiwa amelala na homa, alimshika mdogo wake kwenye kiwiko. "Déo, bakisema banatoa kitu fulani tunyamaze, we uliza kwanza: ule mustari iko wapi? Baufute. Ingine yote ni ya Mungu."

Maître Arlette alimwandikia hati ya kupokea chuma, na muhuri. Alipokuwa anakifunga akasita, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Swali moja tu, tata. Hii mikwaruzo yote ya inje, imetoka wapi?"

Angeweza kusema hajui. Mtu ambaye angemsuta alikuwa amelala Baraka, amefunikwa shuka. Lakini Déogratias alikuwa mwalimu wa dini wa watoto wa komunio ya kwanza kwa miaka kumi na sita, na hata uongo mdogo hakuweza kuusema.

"Shangazi yetu aliisugua na muchanga," akasema. "Na majivu. Kisha akaizika."

Wakili akaweka kalamu chini.

"Akaizika?"

"Chini ya mugomba."

Barabara ya kurudi inafuata ziwa. Kijiji cha Makobola kilipita, na msalaba wake wa ukumbusho wa waliouawa vitani, ambao dereva wa pikipiki, kama ilivyo desturi yake, aliupungia kofia. Vilipita vijiji, mashamba ya muhogo, na bamama wa Mboko wakianua ndakala, dagaa wa ziwa, juu ya mchanga. Déogratias hakuwa analia. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa mwenyewe amehama.

Dada yake alikuwa mkubwa wake kwa miaka tisa. Baba yao alipokufa, Constance aliacha shule darasa la sita ili mdogo wake aendelee, na hakumkumbusha hata siku moja. Aliolewa, akazaa watatu, akakimbia vita kwa mtumbwi mpaka Kigoma, akarudi, akafiwa na mume. Kazi yake ilikuwa mawese. Mashine ya kukamulia ilikuwa ya Willy, jirani wao: pipa la chuma, skrubu katikati, na mti mrefu unaosukumwa na watu kuzunguka, kuzunguka, mpaka mafuta yatoke mekundu. Constance aliusukuma mti ule miaka kumi na minne. Alisema kama njia ile ingenyooshwa, angekuwa ameshafika Roma na kurudi, na papa angekuwa anamjua kwa jina.

Mwaka 2019 mti uliteleza. Ulikuwa na mafuta. Ukarudi nyuma kwa nguvu ya skrubu ukamtupa kwenye mawe, na nyonga ikavunjika. Watu wa shirika lao la kanisa walichanga, akapelekwa Bukavu, akatiwa nyonga ya chuma. Miezi ya kwanza alikuwa na furaha ya mtoto. Aliporudi kwenye kwaya alisimama safu ya mbele.

Mwezi wa nane baada ya kupasuliwa, chuma kikaanza kulia. Alipopiga magoti wakati wa mageuzo, kanisa lote likiwa kimya, kilitoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Watoto wa komunio wa Déogratias walikandamiza midomo wasicheke. Constance mwenyewe alicheka nje baada ya misa: "Mi niko na mulango. Miaka yote nakamua mafuta ya bantu, mulango yangu inakosa hata tone."

Kisha maumivu. Kisha uvimbe. Alirudi Bukavu mara saba, kwenye barabara ile, na mara saba waliangalia wakasema apumzishe mguu. Aliupumzisha. Alikaa kwenye kiti, akamenya muhogo akiwa amekaa, akasali rozari akiwa amekaa. Mwishoni hospitali nyingine ilimpasua. Nyama iliyozunguka chuma ilikuwa imeingia weusi. Daktari wa pale, mtu wa maneno machache, alimwonyesha chuma na kusema kimechakaa kama cha miaka ishirini. Haikuwezekana kuwekwa kingine kwa sababu ya usaha. Mguu wa kulia ukabaki mfupi kwa vidole vitatu, na fundi viatu akamwongezea sandali ya kulia kipande cha mpira wa gari.

Muuguzi aliwapa chuma kwenye mfuko. Hakuna aliyewaambia wakifanyie nini. Constance alikileta nyumbani kama mtu anavyoleta jino lililong'olewa, na Mama Marthe, dada ya baba yao, akakipokea.

Mama Marthe ana miaka inayokaribia themanini, na katika ukoo wao ndiye anayejua kila kitovu kimezikwa wapi. Nyuma ya jiko kuna mgomba. Chini yake viko vitovu vya Constance, vya Déogratias, vya Fanny. Kwake yeye, kitu kilichokaa ndani ya mtu si cha kutupa wala cha kuacha mezani nzi watue juu yake. Alikwenda nacho ziwani. Akakisugua kwa mchanga, akakisugua kwa majivu, akakisuuza mara tatu, akakivika kipande cha kitenge kipya. Jioni akakizika chini ya mgomba, akaomba Baba Yetu. Alifanya vizuri. Alifanya kama alivyofundishwa. Na kwa mikono ile ya upendo alikuwa ameharibu ushahidi.

Walilijua hilo mwaka mmoja baadaye. Maître Arlette alikuja Baraka kwa kazi nyingine, Déogratias akamwomba aone nakala ya dosie. Aliisoma, akafika kwenye mstari, akauliza, "Na chuma yenyewe iko wapi? Bila chuma na namba yake, ni neno lenu na neno la daktari. Munajua ya nani itakuwa nzito."

Usiku wa siku ile hakuna aliyelala vizuri, na asubuhi Constance akawaita wote nyuma ya jiko. Alikaa kwenye kigoda chake, sandali ya mpira mbele.

"Shangazi, tuonyeshe mahali."

"Siko naonyesha," Mama Marthe akasema. "Kitu ya muntu muzima haichimbuliwe. Nani anachimbua kitu yake akiwa anapumua? Unaita nini, we mutoto?"

"Ninaita haki."

"Haki iko mbinguni."

"Iko. Lakini dosie yangu iko Bukavu." Constance akacheka kidogo, akashika nyonga. "Shangazi, sikiliza. Ile haikukuwa mufupa yangu. Mifupa yangu balitupa kwenye ndoo kule hospitali, hata sikuiona. Ile ni kitu ya kiwanda. Siku ya ufufuko Mungu akiniuliza, Constance, hii chuma ni ya nani, nitajibu nini? Nitasema ni ya benyewe, nilikuwa naitunza."

Mama Marthe akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na jembe dogo la kupalilia. Alilitupa miguuni pa Déogratias na kusema, "Upande wa ziwa. Mikono miwili chini. Na mi sikuona." Akaenda kukaa mbele ya nyumba, amegeuza mgongo.

Wiki ya tatu baada ya kuchimbua, homa ilirudi. Usaha ule ulikuwa haujaisha mwilini. Kwenye kisima, watu waliunganisha mambo mawili, kuchimbua na homa, kwa uzi mmoja.

Déogratias alifika Baraka jioni. Uwanja ulikuwa umejaa. Kwaya ilikuwa imekaa kwenye mikeka, ikiimba kwa sauti ya chini. Fanny alimwangukia kifuani, naye Déogratias akamshika mpaka wimbo ukaisha.

Asubuhi, Raphaël, mkubwa wa ukoo, akamwita pembeni. Wasifu wa marehemu lazima usomwe kabla ya sanduku kufungwa: kuzaliwa, sakramenti, ndoa, watoto, na mwishoni historia ya ugonjwa. Ndiyo desturi. Watu husikiliza sehemu ile ya mwisho kuliko nyingine zote, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayebadilisha.

"Mi naomba kitu moja," Raphaël akasema. "Andika tu, aliugua kwa muda murefu. Inatosha. Bantu beko banasema mambo ya mugomba. Ukitaja chuma, unabapatia kuni."

"Na nisipoitaja?"

"Basi batachoka benyewe."

"Mukubwa, basipochoka? Kule Bukavu imeandikwa kwamba alijiumiza na kichwa nguvu. Huku itasemwa alikufa na kuchimbua. Yeye iko wapi pale katikati?"

Raphaël akapangusa uso kwa kiganja. Naye alikuwa hajalala. "Wakili alisema nini?"

"Alisema nisitaje jina la hospitali wala la daktari, isiwe kesi juu yangu. Hakusema ninyamaze."

"Wee na dada yako," Raphaël akasema, "muko sawa." Na akaondoka, na Déogratias hakujua kama hiyo ilikuwa ruhusa.

Alisoma akiwa amesimama kwenye kichwa cha sanduku. Karatasi ilikuwa ya daftari la mafundisho, nyuma yake orodha ya watoto wa komunio. Alisoma mwaka wa kuzaliwa na wa ubatizo. Alisoma Kigoma na kurudi. Akafika mwisho, akapumua.

"Mwaka 2019 alivunjika nyonga akiwa kazini. Alitiwa nyonga ya chuma. Chuma kililia kuanzia mwezi wa nane. Ninyi wa kwaya mlikisikia. Alirudi hospitali mara saba. Mara saba aliambiwa apumzishe mguu. Aliupumzisha. Chuma kilitolewa kikiwa kimechakaa, na nyama yake ilikuwa imeingia weusi. Usaha uliobaki ndio uliomwondoa. Kuna karatasi inayosema alirudia kazi nzito. Mimi ndugu yake nasema mbele ya Mungu na mbele yake yeye aliyelala hapa: hakurudia."

Alikuwa amepanga kuishia hapo. Lakini kutoka nyuma, karibu na ukuta, mtu akasimama. Alikuwa Willy, mwenye mashine, mikono yake na madoa yasiyotoka ya mawese.

"Mi njo mwenye mashine," akasema. Hakuzoea kusema mbele ya watu, na alikuwa anaitazama kofia yake. "Ule mama, tangu aanguke, hakushika ule muti tena. Hata siku moja. Alikuja mara moja tu. Akakaa pale kwenye jiwe, akatuambia tunazunguka polepole kama bapadri ba kanzu. Akaenda." Kukawa na kicheko kidogo, cha watu waliolia. "Banitafute pale banataka. Nitasema."

Akakaa. Ndipo Mama Marthe, bila kusimama, akasema kutoka kwenye mkeka wake, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Na ile chuma, mi njo nilizika. Yeye njo alisema ichimbuliwe. Ilikuwa kitu ya kiwanda, haikukuwa yake. Muntu asiende na ile maneno kwenye kisima tena."

Déogratias alikunja karatasi mara mbili. Mstari ulikuwa bado Bukavu, ndani ya dosie, kwa wino. Alijua ataifuata barabara ile tena, baada ya siku za kilio, na Willy nyuma ya pikipiki, na kwamba wangeweza kuzeeka kabla ya kusikia jibu. Kwa siku ile hakuwa na nguvu za kulifikiria zaidi.

Kabla ya kufunga sanduku, Fanny alileta sandali zile. Alitaka mama yake avikwe. Mama Marthe akazichukua, akaziweka pembeni. "Huko haendi kutembea na mupira ya gari," akasema. Akavua kitenge alichojifunga kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka chini ya kisigino cha kulia, akakisukuma juu polepole. Akarudi nyuma kutazama. Hakuridhika. Akakikunja mara moja zaidi. Sasa miguu ilikuwa sawa kwa urefu.

Padri alifanya misa fupi kwa sababu ya jua. Kwaya iliimba, na nafasi ya Constance safu ya mbele waliiacha wazi. Wanaume sita walibeba sanduku mpaka makaburini, wakibadilishana mabega njiani. Walilishusha kwa kamba mbili. Upande mmoja ulikwama, wakalinyanyua, wakalishusha tena. Padri alinyunyiza maji. Watoto watatu wa Constance walitupa udongo, kisha Mama Marthe, kisha Déogratias, kisha watu wote. Walipanda msalaba wa mbao wenye jina lake, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Kwenye njia ya kutokea kulikuwa na beseni la maji, na kila mtu alinawa mikono, akarudi nyumbani.